Mwaka Klabu Kubwa Ilipotuacha

Tulimuaga kocha wa kaka yangu mwaka juzi, mwezi wa Februari, na juu ya jeneza lake walikuwa wametandaza skafu ya Klabu Kubwa. Niliiona kabla sijaketi. Nilikuwa nimekuja na maua yangu meupe, nimevua glavu, nimempa mkono mjane na binti yake, kisha nikageuka kutafuta nafasi, macho yakatua pale: skafu ya sufu, mpya, imenyooshwa kwa uangalifu, kana kwamba marehemu alikuwa mchezaji wao au kiongozi wao, au walau mtu waliyewahi kumpigia simu kumjulia hali. Kasisi akaongea kwa upole juu ya mapenzi ya marehemu kwa mpira na kwa "klabu yake". Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikaa safu ya nyuma nimeuma meno, na mama mmoja kando yangu akanisogezea karatasi laini akidhani nimezidiwa na kilio.

Haikuwa kilio. Kaa nikueleze ilikuwa nini, rafiki yangu, maana hasira hii nimekaa nayo tangu nikiwa mtoto wa kusukwa mabutu, na leo kichwa changu ni cheupe.

Sisi tulikaa Hagsätra, kusini mwa jiji, kule treni inakofika ikaishiwa na reli, dereva akashuka na mkoba wake kwenda upande wa pili kuanza safari ya kurudi. Baba alikuwa ameletwa Stockholm, Uswidi, kusomea mitambo ya simu, miaka ile nchi yetu changa ilipokuwa ikipeleka vijana kila pembe ya dunia wakajifunze warudi. Baba alijifunza. Kurudi kukawa mwakani, kisha mwakani tena, hata akatutumia tiketi, mama na kaka yangu na mimi, tukashuka kwenye baridi tukiwa na viatu vya wazi. Mama alipata kazi jikoni kwenye shule, kumenya viazi na kusugua masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Nyumbani alisonga ugali kwa semolina ya ngano kwa kuwa unga wa mahindi haukupatikana, na kila alipousonga alituomba radhi. Akiniuliza jambo kwa Kiswahili nikamjibu kwa Kiswidi, alinyamaza tu, mkono kiunoni, mpaka nilirudie kwa lugha niliyoulizwa.

Ghorofa ya juu yetu aliishi jirani Mkenya, muuguzi, ameolewa na Mswidi mrefu asiyezungumza. Jumapili alishuka na majani ya chai aliyotumiwa na ndugu zake, akaketi jikoni kwetu, na hapo Kiswahili cha bara na Kiswahili cha mama yangu wa Tanga vikaanza kuchokozana. Mama alisema "naomba unisogezee sukari," jirani akamcheka: "Wewe unaomba kama uko kanisani. Sema tu nipatie." Walicheka mpaka baba akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Hizo zilikuwa Jumapili za neema, nazo zote zilizunguka kitu kimoja, yaani mechi ya kaka yangu.

Nyuma ya maduka, kati ya mwamba wenye misonobari na barabara, ndipo palipokuwa na uwanja. Ulikuwa uwanja wa changarawe, mwekundu ukikauka, mweusi ukilowa. Desemba kocha aliumwagia maji kwa bomba refu la mpira hadi ukawa barafu, tukateleza juu yake mpaka masikio yakafa ganzi. Aprili barafu ikaondoka ikaacha madimbwi, na siku ya kwanza viatu vilipogusa changarawe ile, ule mlio wa kusagika, kru, kru, ndio uliotuambia kwamba majira yamegeuka. Sisi hatukungoja ndege wala maua. Kaka alirudi nyumbani na magoti yaliyojaa vijiwe, mama akamkalisha kwenye kigoda, akavitoa kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi, huku akimwambia kwamba kwao watoto walicheza kwenye mchanga, na mchanga una huruma.

Kocha hakuwa mtu mkubwa. Kazi yake ilikuwa kutunza majengo yetu: mabomba, mashine za kupasha joto, taa za ngazini. Alikuwa na kofia ya sufu aliyoivaa hata Juni na sauti iliyofika mpaka kituo cha treni. Mkewe aliuza kahawa na sharubati ya zabibu nyeusi kwenye kibanda cha klabu, pamoja na mikate ya mdalasini aliyoioka asubuhi. Siku moja mama alimpelekea mandazi. Watoto wa Kiswidi waliyala yote, wakalamba vidole, wala hakuna aliyeuliza yametoka wapi, kwa sababu yalinukia iliki na iliki ndiyo harufu ya mikate ya bibi zao. Mama alirudi nyumbani amefurahi kupita kiasi. "Kumbe tuna ndugu mmoja hapa," alimwambia baba. "Anaitwa iliki."

Sasa, ili uelewe kilichotupata, lazima nikueleze undugu wetu na Klabu Kubwa. Sitaitaja jina. Ilikuwa klabu ya mjini, yenye uwanja wa majani na majukwaa ya saruji, na wachezaji waliochapwa picha magazetini. Klabu yetu ya Hagsätra ilikuwa mtoto wake. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, klabu mama na klabu mtoto. Klabu mama ilitupa jezi zake kuukuu zilizopunguzwa ukubwa, na mipira, na mwalimu mmoja aliyekuja kila wiki kufundisha. Nasi tulitoa vijana. Kila majira ya machipuko wawili watatu walio bora waliitwa mjini, na kuitwa mjini ndiyo ilikuwa ndoto ya kila mvulana kwenye jengo letu. Kocha alikuwa na msemo wake aliourudia akiwa amesimama kwenye mvua: "Sisi ni ngazi. Hakuna anayeipaka ngazi rangi, lakini bila ngazi hakuna anayefika darini." Wavulana walicheka. Kocha hakuwa akitania.

Kila jezi ilikuwa na nembo ya Klabu Kubwa kifuani, upande wa moyo. Kwa wengine nembo ile ilikuwa pambo. Kwa kaka yangu ilikuwa pasipoti. Hebu fikiria mtoto mweusi kwenye treni ya Stockholm mwaka wa sitini na tisa. Watu hawakumtukana sana, sitasema uongo. Walimtazama tu, wakamtazama tena, kisha wakahamisha mkoba kutoka kiti hiki kwenda kile. Lakini akivaa jezi ile, mzee asiyemjua aliinama kutoka kiti cha mbele na kumuuliza, "Unachezea sisi?" Nilikuwepo. Mzee alisema *sisi*. Kaka akajibu ndiyo, na kutoka stesheni ile mpaka nyumbani wakaongea juu ya krosi na kona, na hakuna aliyehamisha mkoba. Mama alikuwa akiifua jezi ile peke yake, kwa mkono, kwenye beseni, asiichanganye na nguo nyingine.

Naye kaka alijua mpira, usidhani nasema kwa kuwa ni wa tumbo moja na mimi. Alikuwa winga wa kushoto, mwembamba, mwenye mguu mrefu uliochelewa kidogo kisha ukafika ghafla. Beki alimuona, akamsubiri, na alipoona amemkamata kaka alikuwa tayari upande wa pili anapiga krosi. Jirani yetu Mkenya, ambaye hakujua mpira hata kidogo, alikuja uwanjani amejifunga blanketi juu ya koti akapiga vigelegele vilivyowafanya wazazi wa timu pinzani waangaliane. "Wacha wee!" alipiga kelele. "Mtoto huyo mmempa nini?"

Mara moja kwa mwaka watoto wetu walicheza mjini, kwenye uwanja wenyewe wa Klabu Kubwa, kabla ya mechi ya wakubwa. Twende wote! Mama alibeba chupa ya chai, baba alivaa tai. Majukwaa yalikuwa bado yanajaa, harufu ya soseji na haradali na sigara imetanda, na sauti ikatoka kwenye vipaza sauti ikisema: sasa wanaingia watoto wetu kutoka Hagsätra. *Watoto wetu.* Baba alinishika bega nikasikia vidole vyake kupitia koti. Siku ile kaka alikimbia juu ya majani halisi kwa mara ya kwanza, na baada ya mchezo bwana mmoja wa Klabu Kubwa, mwenye miwani na kofia ya ukingo, alikuja akamwekea mkono kichwani. Kazi yake ilikuwa kutafuta vipaji. Alisema mbele ya kocha, mbele ya baba, mbele yangu: "Msimu ujao huyu anakuja kwetu."

Ndiyo maana majira yale ya baridi, klabu nyingine ya jirani ilipomtaka kaka, klabu iliyokuwa na uwanja wa majani na vyumba vyenye maji moto, kaka alikataa. Baba alikuwa na shaka. Kwao wanasema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na baba aliusema msemo ule mezani, akiutafuna pamoja na chakula. Kocha akamjibu kwa kujiamini kwamba kijana ameshapata nyumba, ya nini kubisha hodi kwingine? Kaka akasema hivyo hivyo. Alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa ameahidiwa.

Machipuko yakaja. Jumamosi moja tuliambiwa mtu wa Klabu Kubwa anakuja na gari, nasi watoto tukajua ni jezi mpya. Wavulana walijipanga nje ya kibanda nywele zimelowekwa na kuchanwa. Mke wa kocha alikuwa ameoka tangu alfajiri. Gari likafika, akashuka bwana wa makamo mwenye koti la rangi ya ngamia, mtu ambaye hatukuwahi kumuona, akazunguka dimbwi kwa uangalifu asichafue viatu. Mikononi hakuwa na kitu.

Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali! Alikubali kahawa, akasifu mikate, akamwambia kocha palepale nje, sisi sote tukisikia, kwamba klabu inapanga upya shughuli zake. Kuna mtaa mpya, Skärholmen, majengo mapya, watoto wengi, na uwanja wa majani uliokamilika. Kuanzia msimu huu klabu mtoto itakuwa kule. Anawashukuru watu wa Hagsätra kwa miaka yote.

Kocha alivua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake mchana kweupe. Kilikuwa na upara mweupe wa kusikitisha. "Na vijana hawa?" akauliza.

"Vijana ni vijana," bwana yule akasema, akitabasamu. "Watacheza tu."

"Tuliahidiwa kwamba huyu—" kocha akamsogeza kaka mbele, "huyu ataitwa msimu huu."

"Mwaka huu tunaita kutoka Skärholmen." Kisha akakumbuka jambo, akaweka kikombe kwenye kizingiti cha dirisha. "Jezi mnaweza kubaki nazo. Ila nembo, mtanielewa, nembo itabidi mzitoe."

Akamalizia mkate wake. Akaipangusa sukari kwenye vidole, akampa kocha mkono, akaondoka. Mke wa kocha alisimama mlangoni na sinia lililojaa, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya klabu ile hakuna mtoto aliyenyoosha mkono.

Nembo zilitolewa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, chini ya ardhi, penye mvuke na harufu ya sabuni, mashine moja ikisaga upande wa pili. Walikuja akina mama watano au sita. Mama yangu alishika wembe, wa baba, akakata uzi mmoja mmoja nyuma ya kitambaa. Jirani Mkenya alishuka kusaidia akiwa bado na sare ya hospitali.

"Yaani wamewatupa tu hivyo?" akauliza. "Na hawa watoto wamekosa nini?"

"Hawakukosa kitu," mama akasema. "Amezaliwa mwingine."

"Huyo ni mama gani sasa?"

Mama alikata uzi wa mwisho. Alivuta nembo, ikatoka nzima, akaitazama kwenye kiganja. Halafu akaniita nisogee nione. Jezi ile ilikuwa imefifia kwa miaka ya jua na sabuni, lakini chini ya nembo rangi ilikuwa bado ileile ya dukani, nzito. Kwa hiyo pale kifuani pakabaki umbo kamili la nembo, wazi kuliko nembo yenyewe. Mke wa kocha alipoona hivyo kwenye jezi ya kwanza, akachukua ya pili akaikata haraka akitumaini itakuwa tofauti. Ilikuwa vilevile. Zote zilikuwa vilevile. Akakaa juu ya kikapu cha nguo, akacheka kidogo, akaacha.

Wavulana walizivaa jezi zile msimu mzima, maana nyingine hazikuwepo. Watoto wa timu pinzani walikuwa wakiwagonga kwa kidole pale kwenye alama wakiuliza: "Imeenda wapi? Mmeibiwa?" Na kwenye treni wazee hawakuinama tena. Nilikuwa nikimtazama kaka akikaa karibu na dirisha, mkono umekunjwa juu ya kifua, mikoba ikihama kiti.

Mwezi wa Juni, ratiba ya mashindano ya mitaa ikatupeleka Skärholmen. Tulikwenda kwa treni mpaka katikati ya jiji, tukabadili, tukapanda nyingine mpaka kule. Kila kitu kilikuwa kipya. Maduka yalikuwa makubwa hata mama alisimama katikati akashika mkono wangu asipotee, kuta za saruji bado zilikuwa na harufu ya saruji. Uwanja ulikuwa wa kijani kibichi. Na wale watoto, rafiki yangu, walikuwa watoto tu kama sisi, siwezi kuwalaumu, wamevaa jezi mpya zenye nembo ileile upande wa moyo.

Tuliwafunga. Ningependa kukuambia kwamba ilitosha. Kaka alicheza siku ile namna ambayo sijawahi kuona mtu akicheza, wala kwenye televisheni. Alikuwa hakimbii, alikuwa anakimbiwa na uwanja. Beki wao alianza kucheka kwa kukata tamaa. Kaka hakusherehekea bao hata moja. Kila alipofunga alirudi katikati akitembea, kichwa chini, kama mtu aliyetumwa dukani. Kando ya uwanja alisimama yule mwenye miwani na kofia ya ukingo. Alikuja kutazama watoto wake wapya.

Mechi ilipokwisha alimwita kaka pembeni, baba akasogea. Alimkumbuka vizuri, jambo lililonichoma kuliko kama angemsahau. Alisema njia bado ipo. Kijana ahamie hapa, aje kufanya mazoezi Skärholmen, na vuli ataitwa mjini. "Siwezi kuita mtu kutoka Hagsätra," alisema, kana kwamba anaeleza hali ya hewa. "Lakini kutoka hapa naweza."

Kwenye treni ya kurudi baba alisema neno moja tu: "Nenda." Kaka akasema, "Ndiyo, baba." Nilimuona akitabasamu kwenye kioo cha dirisha, na nikadhani mambo yamekwisha.

Kesho yake kocha alikuja kwetu. Alikuwa ameingia nyumbani mwetu mara nyingi kutengeneza bomba, lakini hakuwahi kuja kama mgeni. Alivua viatu mlangoni, soksi moja ilikuwa na tundu, akakaa kwenye kiti cha baba bila kujua ni cha baba. Mama akampa chai ya maziwa. Hakuinywa. Alimwambia kaka kwamba amesikia, na kwamba wavulana wengine watatu nao wameambiwa vivyo hivyo. "Hao acha waende. Lakini ukienda wewe, hakuna klabu. Wote watakufuata." Akasugua magoti. "Nipe mwaka mmoja. Nitakwenda mjini kuzungumza nao. Wamekosea, na wao wenyewe wataona kwamba wamekosea. Watarudi. Na wakirudi, wewe ndiye wa kwanza."

Baba alisema kwa Kiswahili, akimtazama kaka: "Mwambie hapana."

Ukweli ni kwamba kocha hakuamuru. Aliomba. Ningekuwa na uchungu mdogo leo kama angeamuru, maana amri mtoto anaweza kuivunja. Lakini mtu mzima aliyekufundisha kufunga kamba za viatu, ameketi mbele yako na soksi iliyotoboka, macho yamejaa maji, anakuomba; mtoto atafanya nini? Kaka alimtazama mama. Mama, ambaye kwake mgeni hatoki nyumbani mikono mitupu, alitazama chini. Kaka akasema kwa Kiswidi, polepole: "Nitabaki, kocha."

Baba alitoka akaenda kutembea. Alirudi baada ya muda mrefu, viatu vimejaa matope, na jambo lile hakulizungumzia tena, si siku ile, si miaka ya baadaye.

Hawakurudi. Kwani ulidhani watarudi? Kocha alikwenda mjini na kurudi, akasubirishwa barazani, akapewa kahawa. Akatuambia mambo yanaelekea vizuri. Akatuambia tena. Mwalimu wa kila wiki hakuja, mipira ikachakaa, wavulana wakapungua mmoja mmoja kwenda kule kwenye maji moto. Msimu uliofuata walikuwa hawatimii timu. Kaka alikuwa bado anakuja, siku nyingine yeye na kocha na golikipa tu, wanapigiana mpira kwenye changarawe, na ule mlio wa kru, kru ulisikika mpaka jikoni kwetu kwa sababu hakukuwa na kelele nyingine ya kuufunika. Kisha klabu yenyewe ikamezwa na ile ya jirani, ile iliyowahi kumtaka, na wakati huo walikuwa na winga wao wa kushoto. Kaka alipofikisha miaka kumi na saba alikwenda mjini peke yake, bila kumwambia mtu isipokuwa mimi, kuomba ajaribiwe. Mwenye miwani alikuwa hayupo tena pale. Kijana aliyempokea alimuuliza anatoka klabu gani, na aliposikia akasema hajawahi kuisikia. Wakamjaribu dakika chache. Wakamwambia ana kipaji, ila amechelewa.

Na kocha? Kocha, klabu ilipokufa, alipata kazi ya kujitolea siku za mechi kwenye uwanja wa Klabu Kubwa, kusimama langoni na kuonyesha watu viti vyao. Alifanya hivyo kwa miaka mingi, amevaa koti lao, na inasemekana alikuwa na furaha. Alisema maji yaliyomwagika hayazoleki, na kwamba klabu ni kubwa kuliko mtu. Aliwasamehe. Hiyo ndiyo sababu ya meno yangu kule kanisani. Aliwasamehe yasiyokuwa yake kusamehe. Mwaka ule aliouomba haukuwa wake. Aliutoa mfukoni mwa mtoto wa watu, na sikuwahi kusikia kwamba alikuja tena kwetu, hata mara moja, kukaa kwenye kile kiti na kusema neno.

Uwanja haupo. Pana majengo, mazuri tu, yenye vibaraza na maua ya plastiki, na mwamba wamebakiza nusu yake kwa ajili ya watoto kuparamia. Nimewauliza wakazi, Wasomali, Wakurdi, mzee mmoja wa Kiswidi aliyehamia miaka ya themanini. Hakuna anayejua kwamba pale palikuwa na timu. Jirani yetu Mkenya alirudi kwao baada ya mumewe kufa, na baba tulimzika hapahapa, ile mwakani yake haikufika. Mimi nikipita kule natembea haraka.

Kaka alikuja kuwa fundi umeme, akahamia Hässelby, upande mwingine kabisa wa jiji, akaoa, akapata wavulana wawili. Ni mtu mwema. Hatazami mpira. Wakati wa mashindano makubwa, nchi nzima ikipiga kelele, yeye huenda kutengeneza boti yake. Miaka mingi iliyopita, mama akiwa bado hai, tulikuwa kwake siku ya Krismasi, meza imejaa pilau na samaki wa chumvi wa Kiswidi, na kijana wake mkubwa, aliyekuwa ameanza kucheza shuleni, mwembamba, mguu mrefu wa kushoto, akamuuliza katikati ya chakula:

"Baba, wewe uliwahi kuchezea timu?"

"Hapana," kaka akasema.

"Hata ya mtaani?"

"Hata ya mtaani."

Alisema bila hasira, akimpakulia mtoto wali. Nilifungua mdomo. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo, akamgeukia mjukuu wake akamwambia ale, chakula kinapoa.